Pampu Mpya, Ugonjwa Ule Ule

Mimi ni bwana shamba katika kata moja ya Mkoa wa Njombe. Kazi yangu ni viazi, mahindi na ngano. Lakini kijijini bwana shamba huulizwa kila kitu, hata habari za magari. Mwezi huu nataka kuwaeleza wasomaji habari ya gari la kikundi chetu cha wakulima wa viazi. Gari hilo nusura livunje kikundi.

Kikundi kina wanachama 14. Mwaka 2021 walinunua pikapu ya dizeli iliyokwisha tumika. Kazi yake ni kupeleka viazi Makambako. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi lilikwenda vizuri. Mwezi wa Mei 2023 likaanza kusumbua. Asubuhi haliwaki. Dereva anapiga stata mpaka betri inachoka. Likiwaka linatetemeka na kutoa moshi mweupe. Mlimani linakosa nguvu. Siku nyingine linazimika njiani na mzigo mgongoni.

Kwanza watu walisema ni baridi. Ni kweli, kwetu miezi ya Juni na Julai ni baridi kali, na injini ya dizeli haipendi baridi. Lakini plagi za kupasha moto zilipimwa, zikaonekana nzima. Basi gari likapelekwa gereji mjini. Huko waliambiwa, "Pampu imekufa."

Wakachanga. Pampu iliyotumika, iliyotoka ng'ambo, pamoja na ufundi, iliwagharimu Sh. 750,000. Mwanachama mmoja aliuza mbuzi wawili. Mama mmoja alitoa fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya mbegu. Gari lilirudi jioni. Kesho yake asubuhi halikuwaka. Lilipowaka kwa kusukumwa, mlimani lilikuwa baya kuliko zamani.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema fundi amewaibia. Wengi zaidi walimgeukia dereva. Dereva wetu ni kijana, na ana mke na mtoto mchanga. Gari lilitakiwa kulala ofisi ya kijiji, mahali palipo tambarare. Yeye alikuwa akililaza kwenye mteremko karibu na nyumba yake, pua ikitazama chini. Tena dizeli ilikuwa inapungua usiku. Watu wakajumlisha mambo hayo mawili, wakasema kijana anafyonza mafuta na kuyauza. Kikao kikaitishwa ili afukuzwe kazi.

Katika kikao hicho nilimwuliza kijana swali moja tu. "Ndugu yangu, kwa nini unalilaza pale?" Akajibu, "Shikamoo Bwana Shamba. Nikililaza mteremkoni, asubuhi linawaka. Nikililaza ofisini, haliwaki. Nimewaambia wazee, hawakunisikia."

Nilimwomba Mwenyekiti atupe siku mbili. Mimi si fundi wa magari. Ila chuoni tulifundishwa kutunza trekta, na trekta hula dizeli kama pikapu. Nilimwita pia mzee anayeendesha mashine ya kusaga ya kijijini. Mzee huyo hajasoma sana, lakini amekaa na injini za dizeli zaidi ya miaka 30.

Hewa ndani ya mafuta

Kabla sijaendelea, yafaa msomaji aelewe injini hii inavyofanya kazi. Aliyeibuni ni Mjerumani, Rudolf Diesel, na injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897. Haina cheche ya umeme kama injini ya petroli. Ndani ya silinda hewa hubanwa mpaka inakuwa ndogo, karibu sehemu moja ya ishirini ya ilivyokuwa. Hewa iliyobanwa hivyo hupata moto mkali, zaidi ya digrii 500. Hapo nozeli hurusha dizeli kama ukungu, na dizeli hiyo huwaka yenyewe.

Anayeisukuma dizeli mpaka kwenye nozeli ni pampu. Mafuta hayabanwi kirahisi, kwa hiyo pampu ikisukuma, nozeli inafunguka. Lakini hewa hubanwa. Kama kuna mapovu ya hewa ndani ya mafuta, pampu husukuma mapovu tu na nozeli haifunguki. Hata pampu iliyotoka kiwandani leo itashindwa.

Katika magari mengi ya namna hii pampu huyavuta mafuta kutoka tangini, kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Mrija ukitoboka juu ya soda, mtoto atavuta hewa. Wala hutaona soda ikimwagika. Mpira wa mafuta uliopasuka ni hivyo hivyo. Injini ikiwa inakwenda, huenda usione hata tone moja chini. Usiku, gari likiwa limesimama, hewa huingia kwenye ufa na mafuta hurudi tangini. Asubuhi pampu ni kavu.

Sasa neno la kijana lilianza kueleweka. Gari likielekea chini, injini iko chini ya tangi, na mafuta hayarudi nyuma. Na kama tangi limejaa, mafuta hutona polepole pale penye ufa. Tulikwenda mteremkoni na kutazama udongo. Ulikuwa na doa lenye harufu ya dizeli, karibu na gurudumu la nyuma.

Kujaribu kwa dumu

Doa peke yake halitoshi kushawishi watu 14 waliokwisha kasirika. Kwa hiyo tulililaza gari ofisini, pua ikitazama juu kidogo, na mzee akalala na ufunguo. Alfajiri tulikusanyika. Tulichukua dumu safi la lita tano, tukatia dizeli iliyochujwa kwa kitambaa. Tuliliweka juu, karibu na injini. Fundi mwashi alituazima kipande cha mpira wake mwangavu wa kupimia levo. Tuliunganisha mpira huo kutoka kwenye dumu mpaka kwenye chujio la dizeli. Mpira unaorudisha mafuta nao tuliutia kwenye dumu. Kisha tulibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka ikawa ngumu na mapovu yakaisha.

Gari liliwaka mara moja. Baridi ilikuwa kali siku hiyo hata majani yalikuwa meupe kwa barafu.

Jaribio hili halina gharama. Injini ikienda vizuri kwa dumu, ubovu uko nyuma: kwenye tangi, mipira au mabomba. Ikiendelea kusumbua, endelea kutafuta mbele. Nilifurahi sana kuona wanachama wenyewe wakiinama kutazama mpira, wakionyeshana kwamba hakuna povu. Mzee aliwafukuza vijana wawili waliokuja na sigara.

Tulipoingia chini ya gari tulikuta mpira wenye nyufa chini ya klipu, juu ya ekseli. Mpira mpya uligharimu Sh. 6,000.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Asubuhi gari sasa liliwaka, ila mlimani bado lilichoka. Yaani kulikuwa na magonjwa mawili. Moja ni la zamani, na halikuguswa. La pili lilikuja siku pampu ilipobadilishwa. Hili la pili aliligundua mzee wa mashine.

Juu ya pampu ya namna hii kuna bolti mbili zenye matundu. Moja hupitisha mafuta yanayoingia, nyingine yanayorudi tangini. Ukizitazama kwa haraka zinafanana. Lakini ile ya kurudi ina tundu dogo sana, na kichwani imeandikwa OUT. Tundu hilo dogo huzuia mafuta yasirudi ovyo, ili pampu iwe na nguvu ndani yake. Aliyefunga pampu alizibadilisha. Mafuta ya kuingia yalipita kwenye tundu dogo, na ya kurudi yakapita bila kizuizi. Injini ikawa na njaa. Mzee alizirudisha mahali pake, akatia washa mpya za shaba, akatoa hewa tena. Alama za taiming zilikuwa sawa, hazikuguswa.

Napenda kuongeza neno hapa kwa wale wanaopenda kufungua mabomba ya nozeli wakati injini inazunguka. Mafuta yanayotoka kwenye nozeli yana nguvu zaidi ya mara 100 kuliko hewa tunayovuta. Yanaweza kupenya ngozi ya mkono kama sindano. Mtu aliyepenywa aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haoni kidonda kikubwa.

Tangu Julai 2023 gari linapanda mlima na magunia yake. Linapopanda na mzigo bado linatoa moshi mweusi kidogo, na nozeli zinangoja kupimwa. Mwenyekiti alikwenda nyumbani kwa dereva pamoja na wazee wawili, wakamwomba radhi mbele ya mke wake. Kijana alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu alikuja ofisini kuchukua ufunguo. Sasa gari linalala ofisini, naye ndiye aliyependekeza.

Ile pampu ya zamani, iliyosemekana imekufa, tuliichukua kutoka gereji na kuipeleka Mbeya kwa fundi mwenye mashine ya kupimia pampu. Aliiona nzima, isipokuwa mpira mmoja wa kuzuia mafuta uliochakaa. Akaubadilisha. Imo ghalani sasa, matundu yamezibwa, imefungwa kwa kitambaa safi. Wanachama wengine wanataka iuzwe ili mama yule arudishiwe fedha za mbegu. Wengine wanasema iwekwe akiba. Kikao cha kuamua bado hakijafanyika.