KARATASI ILIYOBANDIKWA UKUTANI

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni watu wa vijijini kama sisi, nao wamekwisha kuziona karatasi zinazobandikwa ukutani katika ofisi ya kata. Huwa zina mhuri juu, maneno yake ni madogo na ya kisheria, na baada ya mvua moja au mbili wino wake huanza kufifia. Leo twataka kuwaeleza habari za karatasi moja ya namna hiyo, na kosa tulilolifanya juu yake. Hatuandiki ili kumshitaki mtu, maana mshitakiwa wa kwanza ni sisi wenyewe.

Kazi yetu ni ualimu. Tulifunzwa katika chuo cha misheni, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu tulipoanza kufundisha shule ya msingi katika nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa. Kijiji chetu hatutakitaja, wala hatutasema kiko upande wa wilaya ipi, kwa kuwa tunasimulia habari za jirani yetu, nasi hatupendi anyoshewe kidole.

Kila siku asubuhi tulikuwa tukipita mbele ya ofisi ya kata kwenda shuleni, na jioni tukapita tena. Mwaka mmoja, wakati watu wanavuna ufuta, karatasi mpya ikabandikwa pale. Tulisoma kichwa chake tu, tukaona ya kuwa ni rasimu ya sheria ndogo za ada na ushuru. Basi tukapita. Tulipita hivyo kwa siku nyingi, na kila siku tulijiambia kwamba kesho tutaisoma.

Jirani yetu ni mjane, mtu mzima, ambaye huuza unga wa muhogo, mbaazi na mchicha gulioni. Jioni moja alipiga hodi mlangoni petu, naye akakaribishwa.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, Mwalimu. Nimekuja kuuliza neno. Ile karatasi ya ofisini inasemaje? Wenzangu gulioni wanasema inatuhusu.”

Mbele yetu palikuwa na madaftari arobaini ya kusahihishwa, na taa ilikuwa karibu kuzima. Tukamjibu, “Hayo ni mambo ya serikali, Mama. Yakiwa na maana, yatatangazwa.”

Akasema, “Haya, Mwalimu. Wewe ndiwe ujuaye.” Akaenda zake.

Miezi ikapita. Siku moja ya gulio ushuru mpya ukaanza kutozwa. Kila mwenye meza alitozwa sawasawa, mwenye nguo za mtumba zilizojaa kibanda kizima, na mwenye mafungu sita ya mchicha. Mama yule aliuza mafungu manne siku ile. Alipokwisha kutoa ushuru, fedha iliyobaki haikutosha kununua sabuni na chumvi. Jioni alikuja kwetu na stakabadhi mkononi, akatuonyesha. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, “Mwalimu, hii si ile karatasi?”

Hatukuwa na jawabu. Tangu siku ile hakuweka meza tena gulioni. Hupita nyumba kwa nyumba na beseni kichwani, juani, katika umri ambao wenzake hukaa barazani na kulea wajukuu.

Usiku ule hatukusinzia upesi. Tuliwaza ya kwamba sisi huwafundisha watoto kusoma, na tukiulizwa kusoma kwafaa nini, husema ni ili mtu asidanganywe. Kumbe jirani yetu hakudanganywa na mtu yeyote. Neno liliandikwa wazi, likabandikwa wazi, na mtu aliyeweza kulisoma alipita mbele yake asubuhi na jioni.

Basi tulianza kutafuta kujua sheria ndogo hutungwaje, jambo ambalo lilitupasa kulijua zamani. Tuliona ya kuwa njia yake ni ndefu. Watendaji wa halmashauri huandika rasimu, na kamati za madiwani huitazama. Kisha wananchi hupewa taarifa, ili mwenye pingamizi au maoni ayalete. Baada ya hayo Baraza la Madiwani hupitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, nayo hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hapo ndipo inapokuwa sheria. Na sheria ndogo za kijiji hupita kwanza mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa watu wote wazima, wanaume kwa wanawake, ndipo zipelekwe halmashauri kuidhinishwa. Katika njia hiyo yote, karatasi ya ukutani ndiyo mahali pale ambapo mtu asiye diwani huulizwa, “Nawe wasemaje?” Sisi tuliulizwa, tukanyamaza.

Wazee wetu wa hapa hawakuulizwa. Kila mtoto wa Nachingwea amesikia habari za karanga. Shauri lile lilikatwa London, na mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa, kisha ikafika Urambo na huku kwetu. Misitu iliangushwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani, na mji wa Nachingwea ukapimwa mahali palipokuwa pori. Wakulima wa nchi hii, waliozijua mvua zake na udongo wake, hawakuwa na kiti katika baraza lililokata shauri. Mwezi wa Januari, mwaka 1951, serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule, na hasara yake ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vyake vikang’olewa. Leo mtu akilima, huweza kuona tuta lake limepita katikati ya mikorosho, wala halielekei popote.

Hata baada ya Uhuru mambo hayakunyoka mara moja. Mabaraza ya wilaya yalifutwa mwaka 1972, na kazi zake zikashikwa na watumishi wa serikali kuu. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria za kuyarudisha, na mwaka 1984 yakaanza kazi tena. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye ya kuwa kuyafuta kulikuwa kosa. Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea, ikawa wilaya yake mwaka 1995, na sasa kila moja ina baraza lake. Basi mlango ambao wazee wetu hawakuwa nao, sisi tunao. Nao hukaa wazi, wala hatuingii.

Tuliamua kuingia. Baraza la Madiwani hukutana kila miezi mitatu, na raia yeyote aweza kuketi na kusikiliza, ingawa hana ruhusa ya kusema. Tuliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, tukaenda. Mbele aliketi Mwenyekiti, na kando yake Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza. Madiwani wa kata walikuwapo, na wanawake wa viti maalumu. Mmoja alisema habari za kisima ambacho pampu yake imeharibika, na wanawake wanachota mtoni. Mwingine aliuliza zahanati ya kata yake itaezekwa lini, maana kuta zimesimama misimu miwili ya mvua. Mwingine aliuliza fedha za ushuru wa gulio huenda wapi, iwapo gulio lenyewe halina choo. Mkurugenzi na wakuu wa idara walijibu, wengine kwa hesabu kamili, wengine kwa ahadi. Sisi tulidhani tutasikia maneno makubwa ya siasa. Kumbe yalikuwa ni maji, dawa, bati na vyoo, yaani maisha yetu ya kila siku.

Tuliwahesabu wasikilizaji. Tulikuwa watu saba, na watano kati yao walikuwa madereva waliokuwa wakingoja kuwarudisha watu makwao.

Mkutano ulipokwisha tulimkuta diwani wetu barazani, tukamweleza habari za meza za gulioni. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, rasimu ile ilibandikwa katika kata zote. Kutoka kwetu sikupata barua hata moja. Wafinyanzi wa kata nyingine waliandika, wakaeleza kwamba chungu hakiuzwi kila siku, na kwamba vingine huvunjika njiani. Kifungu cha vyungu kikafutwa. Mimi ningesimama na nini mkononi?”

Maneno hayo yalituchoma. Wale wafinyanzi, huenda wengi wao hawakupita darasa la saba. Lakini walimpata mmoja wa kuwasomea na mmoja wa kuwaandikia, nayo ilitosha.

Tuliporudi kijijini tuliwaendea akina mama wa gulioni. Kwa jioni mbili tulikaa nao chini ya mwembe, wakatutajia mauzo yao, nasi tukaandika. Hawakukataa kutoa ushuru. Walisema ni haki kulipia mahali pa kufanyia biashara, na kufagia kuna gharama. Walichoomba ni mambo mawili: kwamba mwenye meza ndogo atozwe kidogo, na kwamba choo kijengwe. Barua ikasomwa kwa sauti mara tatu, ili kila mmoja ajue anachokitilia sahihi au dole gumba. Tukampelekea diwani, akaifikisha katika kamati.

Katika kusoma kwetu tuliona na mambo mengine ambayo yalikuwa yameandikwa wazi, nasi hatukuyajua. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5. Ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tena ikaamriwa kwamba mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru huo. Mkulima wa Ruangwa anayepeleka Nachingwea magunia matano ya mahindi, ya kilo 100 kila moja, ana nusu tani tu. Lakini asiyelijua hilo, hata akiambiwa atoe, atatoa.

Tena tangu mwaka 2018 sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Wanawake wetu wa gulioni walikuwa wakitoa ushuru kila wiki, wala hawakujua ya kuwa sehemu yake imewekwa kwa ajili ya watu kama wao. Sasa wameunda kikundi, nao wanafuata taratibu za kukiandikisha.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba mambo yote yamenyoka. Hadi tunapoandika haya sheria ya meza haijabadilishwa. Tumeambiwa itatazamwa pamoja na marekebisho mengine, na njia yake, kama tulivyokwisha kusema, ni ndefu. Shimo la choo limechimbwa, bado halijafunikwa. Kungoja huku ni adhabu ya kuchelewa kwetu, ila jambo la kuhuzunisha ni kwamba anayeadhibiwa si sisi.

Tulimwendea Mama yule nyumbani kwake tukamwomba radhi. Alikuwa akipepeta mbaazi. Alitusikiliza, akacheka kidogo, akasema, “Mwanangu, mimi sikukudai radhi. Nilikuomba unisomee.” Kisha akaendelea kupepeta.

Tangu wakati huo tuna desturi moja. Karatasi mpya ikibandikwa, twaiandika katika daftari, na siku ya gulio, watu wanapopumzika mchana, twaisoma kwa sauti chini ya mwembe, na maneno ya kisheria twayaeleza kwa maneno ya nyumbani. Mara ya kwanza walikuja watu wanne. Sasa huja wengi, na wengine huuliza maswali ambayo hatuwezi kuyajibu; basi hayo twampelekea mtendaji wa kata, naye hujibu.

Ndugu zetu mnaosoma maneno haya, kila kijiji kina watu wanaojua kusoma, nao si walimu peke yao. Wapo makatekista, wapo wauguzi, wapo vijana waliomaliza shule wakarudi nyumbani. Hakuna aliyefundishwa kusoma kwa jasho lake peke yake. Kuna mama aliyeuza mbaazi ili ada ilipwe. Deni hilo halilipwi kwa kuvaa viatu vizuri. Mkutano Mkuu wa Kijiji ukiitwa, twende. Rasimu ikibandikwa, tuisome yote, hata mwisho, palipo na jedwali la ada, maana humo ndimo mlimo fedha ya maskini. Tukiisoma, tuwasomee na wengine. Wakiwa na neno, tuliandike, tulifikishe kwa diwani kabla ya siku ya baraza.

Na jirani akipiga hodi jioni na swali lake, madaftari yangoje kidogo.