Kuveze ya Shangazi

Lilikuwa sanduku la tripleksi, urefu wa mkono, na juu yake kioo kilichokatwa kutoka dirisha bovu. Lilisimama kwenye matofali manne katika chumba cha nyuma. Chini yake taa ya petroli ilipasha moto kipande cha bati, na juu ya bati palikaa bakuli la maji. Shangazi aliliita kuveze. Ndilo neno hilo hilo la mashine wanamolazwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, lakini wakati ule sikulitilia maanani.

Kwetu Mususa, mtaa wa Butembo, mashariki mwa Kongo, usiku ni baridi. Ikweta iko jirani kabisa, ila Butembo imejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700, na alfajiri hutoki bila koti. Kwa hiyo kuveze ilivishwa blanketi, na mimi nilikuwa na zamu ya saa tisa ya usiku: kuchungulia kipimajoto, kupandisha utambi au kuushusha, kurudi kulala. Nyuzi 38 na kidogo, hapo ndipo tulipopatafuta.

Mara ya kwanza shangazi alikuwa amenunua trei ya mayai dukani, yale ya Uganda yanayopitia mpaka wa Kasindi. Aliyageuza siku 21 kwa imani yote. Hayakutoa kitu. Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Graben, aliyepanga chumba uani kwetu, alikaribia kuanguka kwa kucheka. "Mama, mayai hayo hayajui jogoo!" Basi mara ya pili tulitafuta mayai ya kuku wa kienyeji, 24, kwa akina mama walioyaleta kutoka vijijini, yamefungwa kwenye majani ya migomba. Kila yai nililichora kwa biki, msalaba upande mmoja, duara upande wa pili, ili tujue lipi limegeuzwa. Jumamosi, tarehe 30 Machi 2019, tukawasha taa.

Mwaka ule kila kitu kilipimwa joto. Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 Agosti mwaka uliotangulia, kule Mangina upande wa Beni, halafu ikashuka hadi kwetu, Katwa na Butembo. Kwenye kizuizi cha barabarani walikuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso kama bastola. Langoni palikuwa na ndoo yenye bomba na maji ya klorini, na mikono yetu ilinuka klorini hata mezani. Tulisalimiana kwa viwiko. Mtu akianguka barabarani, watu walirudi nyuma hatua tatu, kisha wakatazamana kwa aibu.

Siku ya saba mwanafunzi alimulika mayai kwa tochi ya simu, akatoa sita yaliyokuwa matupu. Siku ya 18 alitoa amri: hakuna kugeuza tena, hakuna kufungua. Ongezeni maji kwenye bakuli na mkae mbali.

Siku ya ishirini iliangukia Ijumaa Kuu. Mchana huo daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akafa ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Mwanafunzi wetu alikuwa mjini. Alipiga simu kusema atalala kwa ndugu zake. Shangazi alifunga lango mapema. Tulikaa gizani bila kuongea, na katika ukimya huo ndipo tuliposikia: tk, tk, kisha sauti nyembamba ya kulia kutoka ndani ya kitu kilichofungwa.

Baadaye nilieleweshwa kinachotokea humo. Kifaranga hutoboa kwanza utando wa ndani, anafikia kile kifuko cha hewa kwenye upande mpana wa yai, na hapo mapafu yake yanaanza kazi. Ndiyo maana analia kabla hatujamwona. Kisha anapasua ganda, tundu dogo tu, na kunyamaza. Anaweza kunyamaza nusu siku, hata siku nzima. Anayemwangalia hudhani amekata tamaa, kumbe damu iliyomo kwenye utando inarudi mwilini na kiini cha njano kinavutwa tumboni, chakula cha siku mbili tatu za kwanza. Kazi hiyo haionekani na haina haraka.

Jumamosi asubuhi wa kwanza alikuwa nje, amelowa, mbaya kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Mtoto wa mwisho wa shangazi, msichana wa miaka saba, alimpa jina papo hapo: Paluku. Kwetu Wanande mvulana wa kwanza ndiye Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, kisha Kakule, Katembo, Mbusa. (Kwamba huenda ni mitetea, na wa kwanza wao angepaswa kuitwa Masika, hakutaka kulisikia.) Alipofika Kambale alinionyesha kidole akacheka, kwa sababu ni jina langu. Kila aliyetoka, alitaka amshike. Shangazi naye alitaka kumhamishia kwenye kikapu chenye joto. Kwa kila jina, kifuniko kilifunguliwa.

Jioni walikuwa kumi na mmoja. Manne hayakuwa na dalili yoyote. Yaliyobaki matatu yalikuwa na tundu tangu usiku uliopita, na hayakuwa yameongeza hata ufa. Nilimulika moja. Utando uliokuwa mweupe umegeuka rangi ya chai, umekauka, umemng'ang'ania kifaranga kama karatasi iliyotiwa gundi. Mdomo ulifunguka na kufungika.

Mvuke wote ulikuwa umetoka kupitia mikono yetu.

Nilimpigia mwanafunzi. Mtandao ulikatika mara mbili. "Msifungue," alisema. Nikamwambia tumeshafungua, tangu asubuhi. Akanyamaza. Halafu: maji ya uvuguvugu, pamba, lowesha utando tu. Ukiona nyuzi nyekundu, acha, bado anatumia damu hiyo. Ukiona hauna damu, bandua kidogo upande wa kifuko cha hewa, halafu mrudishe.

Nilipogeuka shangazi alikuwa tayari na yai mkononi. Alikuwa akilimenya kwa kucha, haraka, kama anayemenya yai la kuchemsha. "Shangazi, anasema tungoje." Hakunijibu. Kipande cha tatu kilipotoka, damu ilikuja. Haikuwa nyingi. Kifaranga alitoka mzima mkononi mwake, kiini kikiwa bado nje ya tumbo, akanyoosha shingo mara moja.

Shangazi alitazama vidole vyake vyekundu. Mwaka ule hakuna aliyeangalia damu mkononi kwa utulivu. Lakini hakukimbilia ndoo.

"Siku mama yako alipojifungua mara ya kwanza," alisema, "nilikuwepo. Nilisema, mtoto anachelewa. Nikaambiwa, ngojeni. Nikangoja, papa."

Nilijua tangu utotoni kwamba mimi ni Kambale na kwetu hakuna Paluku. Sikujua nani alikuwa amesimama mlangoni.

Yai la pili alinipa mimi. Nililowesha, nikatazama, nikaona nyuzi, nikalirudisha. Saa sita za usiku nyuzi zilikuwa zimefifia. Nilibandua kofia tu ya ganda, upana wa sarafu, nikalirudisha tena. Mikono ilinitetemeka kuliko wakati wowote maishani mwangu. Yai la tatu tulibishana. Lilikuwa na damu bado, nami nilisema tuliache, na shangazi, ambaye nguvu ya kubisha ilikuwa imemwisha, akakubali. Hata leo sijui kama nilisema hivyo kwa busara au kwa woga.

Pasaka ilipopambazuka, niliyemfungulia kofia alikuwa amejisukuma nje, kidole kimoja cha mguu kimepinda. Alichechemea hivyo mpaka akawa mtetea mkubwa anayefukuza wenzake kwenye chakula. Katika yai la tatu hapakuwa na sauti.

Shangazi aliyazika yote chini ya mikaratusi, akaja langoni, akanawa kwa klorini muda mrefu. Binti yake alikuwa amechuchumaa kando ya kikapu, akihesabu kwa kidole. Majina aliyoyajua yalikuwa yamekwisha, sasa alitumia namba tu.

"Huyu mwenye kuchechemea ni wa kumi na mbili," alisema.

"Wa kumi na tatu," shangazi akamsahihisha, akikung'uta maji mikononi. "Wa kumi na mbili alitoka usiku."