Kibaraza cha Matondoni



Tuliondoka Mombasa mara baada ya sala ya alfajiri, familia mbili katika basi moja, tukashika njia ya Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, mahali ambapo barabara hukoma na mashua ikaipokea safari. Hatukwenda kutembea tu. Rafiki zetu wa miaka mingi, mtu na mkewe, walikuwa wamehamia shambani kwao, nje kidogo ya kijiji cha Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, wapate kumuuguza mama aliyepatwa na kiharusi. Nyumba yao ni ya vyumba viwili, na sakafu yake imeinuka ngazi tatu kutoka ardhini. Ngazi hizo tatu zilikuwa zimemfunga mama ndani kwa miezi minane. Kutoka nje ilimlazimu abebwe, naye hakupenda kubebwa. Basi tuliahidi kuwasaidia kujenga kibaraza cha mbao kilicho sawasawa na kizingiti cha mlango, ili mama atoke kwa mkongojo wake mwenyewe.

Tulilala Lamu mjini, katika mji wa kale ambao mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Tulipokuwa tukipita vichochoroni tuliziangalia daka za nyumba za mawe, na viti vyake vya kujengwa huku na huku, ambako wanaume huketi na kupokea wageni. Wanawake wa nyumba hizo walikuwa na kiwanda cha ndani, chenye mwanga na hewa. Nyumba ndogo ya shambani haina daka wala kiwanda. Mgonjwa akiwa ndani, yumo ndani kweli.

Asubuhi tulingoja maji yajae, kisha mashua ikatupeleka Matondoni. Kijiji hicho kinajulikana kwa mafundi wa majahazi na kwa wanawake wasukaji wa mikeka. Pwani yake imezungukwa na mikoko, na mikoko ndiyo ghala la wajenzi wa sehemu hizi. Muuzaji mwenye kibali alitupimia miti kwa korija, yaani ishirini ishirini, akatufundisha majina yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mti wa mkoko hausumbuliwi sana na mchwa, ila urefu wake una kikomo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu lakini vyembamba: upana wake ni ule ambao boriti moja huweza kuuvuka. Kibaraza chetu nacho kikatii sheria hiyo hiyo.

Mbao za juu zilitoka katika jahazi kuukuu lililokuwa limevunjwa ufukweni. Punda wawili walizibeba hadi shambani. Waume zetu wakachimba mashimo, wakasimamisha nguzo na kuzishindilia kwa mawe. Sisi wanawake tuliketi na majirani chini ya mwembe tukishona makuti ya viungo kwa ajili ya paa, na vidole vyetu vya mjini vikaona cha moto. Watoto waliteka maji na kuokota misumari iliyoanguka. Jirani mmoja alileta mikate ya mofa, mwingine samaki, na hakuna aliyeulizwa kwa nini amekuja. Tulimkumbuka Mtume wetu (S.A.W.), ambaye msikiti wa Madina ulipojengwa alibeba matofali pamoja na masahaba zake.

Fundi wa majahazi alikuja kutuongoza. Alipotuona tukipigilia msumari moja kwa moja na ubao ukapasuka, alichukua keke yake, akatoboa tundu kwanza, ndipo akaupitisha msumari. Akatuambia pia tuache mwanya kati ya ubao na ubao. Katika jahazi mianya huzibwa kwa kalafati ili maji yasiingie. Katika kibaraza huachwa wazi ili maji ya mvua yapite, mbao zisioze.

Siku ya Ijumaa fundi hakuwapo, nasi tulikuwa na haraka, kwani mashua yetu ilikuwa ya Jumamosi. Tulizitandika mbao zote zilizobaki, tukiacha mianya ya upana wa dole gumba. Baada ya sala ya alasiri tulimwita mama. Alivuka kizingiti polepole, sote tukitabasamu. Hatua ya tatu, ncha ya mkongojo ikazama katika mwanya. Mama aliyumba, akaishika nguzo, na mkwewe akamdaka kiunoni. Hakuanguka, alhamdulillahi. Alitutazama mmoja mmoja, kisha kwa ulimi wake mzito akasema, "Wanangu, mumenitegea mtego."

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa na haya ndani yake. Siku nne tulikuwa tumepima nguzo, boriti, mbao na paa. Mkongojo hatukuupima, wala mwenye mkongojo hatukumuuliza lolote, naye alikuwa chumba cha pili akitusikia tukibishana.

Mashua ya Jumamosi ilikwenda bila sisi. Tuling'oa mbao na kuzitandika upya, safari hii msumari mmoja mnene ukiwa ndio kipimo cha mwanya. Mianya ilipopungua tulipungukiwa na mbao, tukatumia ule ubao tuliokuwa tumeuwekea benchi ya wageni. Kisha tulimleta mama kitini na kumuuliza ukingo uwe na kimo gani. Tulikuwa tumeukadiria kifuani mwa mtu aliyesimama. Yeye aliinua mkono hadi begani mwake alivyoketi, akasema ukipita hapo hataona njia. Tukaukata.

Jumapili magharibi alitoka peke yake. Mkongojo ulilia juu ya mbao, tok, tok, hadi mwisho. Aliketi, akaswali hapo hapo akielekea kaskazini, kibla chetu sisi wa pwani hii. Alipomaliza, wanawake wawili waliokuwa wakirudi kijijini walisimama njiani wakampa salamu, naye akawaitikia. Mwanawe alituambia kwamba tangu mama augue, hiyo ndiyo salamu ya kwanza aliyoipokea bila mtu kuingia chumbani mwake.

Tulirejea Mombasa na malengelenge mikononi na somo moja moyoni. Yuko karibu nasi sote mgonjwa, mzee au jirani ambaye tunamtakia kheri. Kabla ya kumjengea, tukae karibu naye tumuulize.

Mwenyezi Mungu ampe shifaa mama yetu huyo, na awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.