Siku Saba Kibumba

Mtu atokaye Goma kwenda Rutshuru hufika Kibumba kabla ya kutimiza kilomita 30. Barabara yapanda, baridi yazidi, na upande wa kushoto mlima Nyiragongo wafuka moshi. Ardhi ya huko ni mawe meusi yaliyotapikwa na volkeno, na juu yake udongo mwembamba wenye rutuba ya ajabu. Kabichi, vitunguu na viazi vyake huulisha mji wa Goma. Vijana huviteremsha kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho hushuka mlima kwa kasi ya kutisha. Kasoro ya nchi hiyo ni moja tu, nayo ni kubwa: mawe hunywa mvua yote, na maji hayaonekani tena.

Tulifika Kibumba mwezi wa Julai 2017, wakati wa kiangazi, pamoja na wauguzi watano Watanzania waliojitolea kutibu wagonjwa kwa siku saba. Kazi yetu ilikuwa ukalimani. Tulidhani Kiswahili kitatosha, maana Goma nzima yakisema. Kumbe wazee wengi wa Kibumba husema Kinyarwanda, ikabidi kijana wa kijijini atafsiri nasi tutafsiri tena. Shikamoo zetu hazikupata marahaba; wazee walitupa mkono, wakasema "Jambo". Muuguzi na daktari wote kwao ni "muganga", wala hawaoni haja ya kuwatofautisha.

Siku ya pili mama mmoja alimleta mtoto anayeharisha. Alipewa pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji. Akazigeuzageuza mkononi, akauliza kwa upole: "Muganga, nichanganye na maji gani?" Maji yake yalikuwa bidoni, lita 20 za kutumiwa na watu saba, nayo yalichotwa mbali.

Swali hilo lina historia mahali pale. Katikati ya Julai 1994, wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, na umati mkubwa ukapelekwa Kibumba, mahali pasipo kisima wala mto. Tarehe 20 Julai kipindupindu kilithibitishwa. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa kwenye makambi ya Goma, wengi kwa kuhara. Mawe yalikataa hata kuchimbwa makaburi. Wageni wenye moyo mwema walimiminika kwa ndege, lakini wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona mgonjwa wa kipindupindu; walimrudishia mgonjwa maji polepole mno, wakaisahau dawa ya kunywa. Kisha likaja kundi dogo kutoka Bangladesh, nchi iliyoujua ugonjwa huo kwa miaka mingi. Katika kituo walichokishika mjini Goma, vifo vilishuka chini ya mtu 1 katika 100. Wao pia walikuwa wageni wa muda mfupi. Twaona tofauti haikuwa katika huruma.

Wauguzi wetu, basi, siku ya tatu waliyaacha masanduku ya dawa yakae, wakaketi na akina mama juu ya mawe. Walifundisha kipimo cha nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mama mmoja alipinga kwamba kuni ni ghali na sukari ni ghali zaidi. Palikuwa na mjadala mrefu, nao ulitufaa kuliko hotuba zetu zote. Ndipo ilipokubaliwa kwamba maji ya kunywa ya mtoto mgonjwa yachemshwe pamoja na viazi vya jioni, katika chungu cha pembeni, kwa moto uleule.

Siku ya kuondoka tulipewa gunia la viazi. Muuguzi mmoja alitaka kukataa, akiona ni chakula cha maskini. Mzee akamjibu kwamba asiyepokea viazi vyao asitarajie wapokee dawa zake. Tulipakia gunia.

Mwaka 2022 vita vilirudi Kibumba, na wakazi wengi wakakimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma, juu ya mawe yaleyale. Mwezi wa Desemba kipindupindu kikazuka hapo. Wale akina mama tuliowafahamu hatukupata habari zao.