Zawadi Zinazorudi: Desturi za Arusi katika Nchi ya Garissa

Safari ya kutoka Nairobi kwenda Garissa ni mwendo wa kilometa 370 hivi, kwa kupita Thika na Mwingi. Baada ya Mwingi vilima hubaki nyuma, nchi hulala tambarare, na vichaka vya miiba huenea pande zote mpaka macho yachoke kuvitazama. Kisha msafiri huona mbele yake mstari wa miti mibichi, naye hujua kuwa amefika mto Tana. Akivuka daraja, amekwisha kuingia mji wa Garissa, ulio mlango wa nchi ya Wasomali wa Kenya. Nchi hiyo ilifanywa Mkoa wa Kaskazini Mashariki mwaka wa 1963, na tangu 2013 ni kaunti tatu: Garissa, Wajir na Mandera.

Karani au mwalimu apelekwaye huko kikazi kutoka pwani au bara hujifunza upesi mambo matatu. La kwanza ni kunywa chai ya maziwa ya ngamia. La pili ni kumwamkia mzee kwa jina la "adeer", yaani ami, hata kama hakuna udugu baina yao. La tatu ni kuitikia mwaliko wa arusi, na hilo ndilo litakalomfundisha mengi kuliko yote.

Mimi nami, kama watu wengi wa pwani, nilidhani kwamba mambo ya arusi huko ni kama kwetu: mume hutoa, upande wa mke hupokea, basi imekwisha. Lakini kwa wafugaji mambo ni marefu zaidi. Kuna meher, ambayo ni mahari kwa sheria ya Kiislamu, nayo ni haki ya mke mwenyewe. Si ya baba yake wala si ya kaka zake. Kuna yarad, nayo hupewa jamaa za mke, na tangu zamani kipimo chake kilikuwa ngamia. Tena kuna dibaad, na hiyo ndiyo humshangaza mgeni, kwa maana ni zawadi irudiyo nyuma: jamaa za mke nao huwapa maarusi mali ya kuanzia maisha.

Zawadi kubwa kupita zote katika hizo zirudizo ni nyumba. Mama wa bibi arusi na wanawake wa jamaa yake hukaa siku nyingi wakisuka mikeka na kuandaa miti iliyopindwa kama upinde. Vitu hivyo vikiunganishwa hufanya aqal, nyumba ya mviringo ya wafugaji. Mwanamke ndiye huijenga, ndiye huibomoa siku ya kuhama, na nyumba ni mali yake. Siku hiyo ya kuhama, mikeka hulazwa juu ya mgongo wa ngamia iwe tandiko, na ile miti hufungwa ubavuni, kisha vyombo na watoto wadogo hupakiwa juu yake. Basi nyumba iliyowalaza usiku huwa chombo cha safari asubuhi.

Yawezekana msomaji akadhani kwamba desturi ya kutoa na kurudisha ni ya wachunga ngamia peke yao. Sivyo. Wajapani, watu wa viwanda na magari, wanayo yao. Tarehe 14 Februari, siku ambayo nchi nyingi huiita siku ya wapendanao, wanawake wa Japani ndio huwapa wanaume chokoleti. Wenye maduka ya Tokyo walianza kuitangaza biashara hiyo katika miaka ya 1950. Mwisho wa miaka ya 1970 wauza peremende wakaongeza siku nyingine, 14 Machi, ambayo mwanamume aliyepewa humrudishia mwanamke zawadi yake. Wajapani hutenga chokoleti ya mpenzi wa kweli na ile waiitayo "giri", yaani ya wajibu, ambayo mfanyakazi mwanamke humpa mkubwa wake na wenzake wa ofisini asije akaonekana hana adabu.

Hapo ndipo penye tatizo, na ni tatizo moja huko na huku. Zawadi ikiwa ya wajibu, haikawii kuwa deni. Mwezi wa Februari 2018 kampuni ya Godiva, ambayo yenyewe huuza chokoleti, ilitangaza katika gazeti la Japani ikishauri watu waiache ile ya wajibu. Na mwaka wa 2019 watawala wa Beled Hawo, mji wa Somalia ulio mpakani karibu na Mandera, waliweka kikomo cha gharama za arusi, kwa sababu vijana wengi walikuwa wakishindwa kuoa. Mjini hakuna mikeka ya kusukwa na mama mkwe. Aghlabu bwana arusi ndiye atakiwaye kununua vitanda, makabati na makochi.

Huko machungani nako mambo yamekuwa magumu. Tangu mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika sehemu kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa. Kijana aliyepotewa na mifugo hiyo atatoa nini? Na baba mkwe aliyepotewa na yake atarudisha nini?

Wako wasemao kwamba dawa ni kuziacha desturi hizi zote. Mimi sioni hivyo. Zawadi irudiyo huwafanya watu wa pande mbili kuwa ndugu, kwa maana hakuna aliyenunua wala aliyeuza. Lakini wazee wa wafugaji walituachia kipimo, nacho kimo katika nyumba ile ile ya mikeka: nyumba isiyoweza kubebwa na ngamia wa mwenyewe haijengwi. Nasi tulio mashambani na maofisini, tukikaa kikao cha kupanga mahari na karamu za watoto wetu, yafaa tuulize kwanza kama maarusi wataweza kuubeba mzigo tunaowapakia.