Wa Kopo Ndiye Anayelipa
"Mjomba, kwani mchumi wa nishati si mtu wa mafuta na mabwawa?" aliniuliza mpwa wangu anayemaliza shahada ya uchumi. Swali liliniuma. Ina maana darasani hawausikii tena mkaa.

Nilianza kufundisha Chuo Kikuu cha Mlimani enzi za foleni za petroli. Daftari langu linasema 1982; na iwe hivyo. Wanafunzi niliwapeleka Manzese kwa mama muuza mkaa tuliyemwita Shangazi. Banda lake lilinuka vumbi lililolowa na mafuta ya taa ya jirani. Aligonganisha vipande viwili: ukilia kama kigae, huo ni wa mti mgumu, unaivisha maharage, usipolia, utaisha kabla chai haijachemka. Lumbesa ya Kisarawe aliipima kwa makopo, chenga akazitenga. "Wa gunia ana nafuu, mwanangu," alisema. "Wa kopo ndiye anayelipa." Masika magari yakikwama, bei haikupanda, kopo ndilo lililopungua. Takwimu za bei zisingeliona hilo hata siku moja.

Kisha nikaenda wizarani. Huko kulikuwa na bwawa la Kidatu na megawati zake 204, na bwawa la Mtera lilipokauka, mgawo wa umeme. Mkaa ulikuwa wa wenzetu wa maliasili, nao waliuhesabu kama miti iliyokatwa. Kama chakula kilichoiva, hakuna aliyeuhesabu.

Nilipohamia benki, kazi ilikuwa mikataba ya umeme: mtambo unalipwa hata ukiwa umezimwa. Gesi ya Songo Songo ikafika Dar es Salaam 2004, tukashangilia kwa haki. Shangazi hakuwa na hati, hakukopesheka.

Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Sababu ilikuwepo. Lakini mwenye jiko la mchina la mafuta ya taa angekimbilia wapi kama si kwenye mkaa? Aliyewahi kukaa bandani pale angelijua mapema.

Sasa upo mkakati wa taifa: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ila mtungi wa kilo sita hujazwa kwa mkupuo, na mnunuzi wa kopo hana fedha ya mkupuo. Mita za kulipia gesi kidogo kidogo zimeshabuniwa. Zishushwe Manzese na Tandale, mtu anunue gesi ya shilingi elfu moja, jioni, akapike.