Daraja la Busisi na Tetemeko la Ardhi

Ukitoka Shinyanga kwenda Geita kwa njia ya Usagara, utavuka Ghuba ya Mwanza juu ya Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu upatao kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani hapo Kigongo watu walingojea kivuko.

Je, ardhi ikitetemeka itakuwaje? Swali hilo si la bure. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera liliangusha nyumba nyingi, na Shule ya Ihungo, Bukoba, iliharibika vibaya. Tofali halijui kupinda, hupasuka ghafla; zege tupu ni vivyo hivyo. Chuma hupinda kwanza, ndiyo sababu zege la daraja hutiwa nondo. Tena madaraja makubwa huachiwa nafasi kati ya vipande vyake, vipate kucheza bila kugongana. Mdundo uusikiao chini ya magurudumu ni wa nafasi hizo, si ubovu.

Basi, mjengao kwa tofali, fungeni kuta zenu kwa lenta yenye nondo. Na wazazi, waonyeni vijana: ang'oaye bolti za daraja auze chuma chakavu, anauza roho za wenzake.